Jani la Sale Mdomoni mwa Mbwa

Niseme kosa langu mwenyewe kabla halijasemwa na ukoo mzima, maana ukoo wetu ukisimulia jambo hauachi chumvi: nilimfundisha mbwa wangu adabu kwa nyama ya mbuzi ya kuchoma.

Mgeni anaweza kuuliza kosa liko wapi. Mtu wa Kilimanjaro ameshashika kichwa. Huku kwetu mbuzi wa ukoo anagawiwa kabla hajafikishwa kwenye kisu. Kila kipande kina mwenyewe, na mwenyewe huyo anakijua. Kwetu kidari, ile nyama ya kifuani yenye mafuta yake, ni cha mkubwa wa ukoo. Hakiguswi. Mtoto akikitazama sana anatumwa maji.

Haya yote nilikuwa nayajua. Nimezaliwa Kirua Vunjo, kwenye migomba. Lakini siku hizi naishi Moshi mjini, kwenye nyumba ya baba mkubwa, nashona nguo barazani, na kutoka kwenye cherehani mpaka kitandani ni hatua kumi na mbili. Nimezihesabu. Wenzangu niliomaliza nao kidato cha nne wengine wanapandisha wageni kileleni na kurudi na picha. Mimi mlima nauona kwenye dirisha la choo, siku mawingu yakitoka, na unanitosha.

Mbwa alikuja mwenyewe. Mvua ilikuwa inanyesha, akaingia chini ya cherehani akiwa mdogo kama kiatu, akalala juu ya suruali ya mteja. Mteja hakurudi kuchukua suruali, mbwa hakuondoka. Alipokua, rangi ya kahawia, sikio moja juu na jingine limelala, nikaona nimfundishe. Jirani na kwangu kuna kijana anachoma mbuzi kila jioni. Nikawa nanunua kipande, nakikata vidogo vidogo kwa mkasi wa kazi, na kila mbwa akitii nampokeza. Baada ya wiki chache alijua mambo matatu: kukaa, kutoa mkono, na kungoja. Nikajiona mwalimu mkuu.

Krismasi ikafika, tukapanda nyumbani kama wanavyopanda wote. Nikampeleka na yeye, tena nimemfunga utepe mwekundu uliobaki kwenye gauni la mtu. Siku ya pili mbuzi akachinjwa. Baba mkubwa akaketi kwenye kiti chake mbele ya nyumba, kidari kikawekwa mbele yake juu ya jani la mgomba, naye akawa anaongea na wazee wenzake habari za kahawa.

Mbwa akaona nyama ya mbuzi ya kuchoma. Akafanya kila nilichomfundisha. Alikwenda mbele ya baba mkubwa, akakaa. Akatoa mkono.

"Tazameni!" baba mkubwa akacheka, akaupokea. "Mbwa wa mjini anasalimia!"

Akarudi kwenye habari za kahawa. Mbwa akangoja. Alingoja vizuri mno, siwezi kumlaumu. Kwa hesabu zake kazi ilikuwa imekwisha na malipo yapo pale juu ya jani, anayelipa tu ndiye mzito. Akajilipa. Kidari chote, na nusu ya jani.

Wazee wote waligeuza macho kwangu. Hata ng'ombe wa mama zizini aliacha kucheua. Aliyecheka ni mmoja tu, jirani wa mama, bibi wa ng'ambo ya mfereji ambaye hajawahi kummung'unyia mtu neno. Alicheka mpaka akashika mgomba.

Baba mkubwa alipangusa mikono polepole. "Sawa," akasema. "Huyu amekula kidari, kwa hiyo ndiye mkubwa wa ukoo. Mimi niende Kahe nikalinde mahindi. Au tubadilishe. Mimi nibaki na kidari changu, yeye ndiye aende Kahe."

Ana shamba huko chini, tambarare, na ngedere wanamsumbua kila msimu. Mbwa wa shamba lile anafungwa kwenye mti kuanzia mahindi yakiota mpaka yakivunwa. Nilimwona mmoja zamani, hata mkia alikuwa amesahau kuutikisa. Na siwezi kusema hapana kwa mtu ambaye nimelala kwenye nyumba yake miaka yote hii.

Mama ndiye aliyenivuta pembeni. "Baba," akaniambia, maana akinihurumia ananiita hivyo, "acha kutetemeka. Kata sale."

Sale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba, yaani mashamba yetu ya migomba, na juu ya makaburi. Ukimkosea mtu, unachuma jani lake, unalifunga fundo, unampelekea. Ukipeleka sale hukataliwi. Watu wamesameheana damu kwa jani lile, sembuse kidari.

Nikaacha hasira zipoe kwanza, na mwaka mpya nikapanda tena, mara ya pili katika wiki mbili, safari ambazo kwangu ni sawa na za mwaka mzima. Nikampata baba mkubwa na wazee wawili wakinywa mbege. Nikasema shikamoo tatu, nikapiga goti, nikatoa jani.

Akalipokea. "Nimekusamehe. Sale haikataliwi."

"Asante, baba mkubwa."

"Ila nikuulize. Kidari alikula nani?"

"Mbwa, baba mkubwa."

"Na sale ameleta nani?"

"Mimi."

"Basi umeshajijibu." Akarudisha kata ya mbege mdomoni. "Kipaimara cha mjukuu wangu kikifika tutachinja. Mbwa aje aniletee mwenyewe. Asipoleta, jioni ile ile anashuka Kahe na gari la mahindi."

Wazee walicheka sana. Na mimi nilicheka, kwa adabu, mpaka nilipomwona yeye hacheki.

Kipaimara kilikuwa cha binti wa dada yangu, miezi kadhaa mbele. Nikashuka mjini nikimwangalia mbwa kama mtahiniwa aliyefeli hata jina lake.

Jambo la kwanza lilikuwa kumwachisha mbuzi. Nikajaribu chapati, alikula akasahau alichoambiwa. Nikajaribu kiazi kitamu, alikwenda kukizika. Ndizi mbivu aliinusa, akaniangalia kwa huruma. Biskuti zilifanya kazi, shida ni kwamba mimi ndiye niliyezimaliza.

Mkombozi alikuwa jirani yangu wa mjini, mama anayeuza dagaa wakavu kwenye meza mbele ya lango lake. Ni mtu wa swala tano, na hamtaki mbwa wangu karibu na pindo la nguo yake. Siku moja nilikuwa barazani nikimbembeleza mbwa kwa kipande cha muhogo, mbwa akaniacha, akavuka njia, akaketi mbele ya meza ya dagaa, mgongo umenyooka. Hakuambiwa na mtu.

"Mangi!" mama akapiga kelele, ndivyo anavyomwita kila Mchaga. "Mwite mbwa wako, nina udhu!"

"Haji, mama. Sina anachotaka."

"Anachotaka ninacho mimi." Akarusha dagaa mmoja kwa mbali, kama anayerusha jiwe. Mbwa akamdaka hewani, akarudi kwangu mbio, akakaa, akatoa mkono, akangoja. Mambo matatu kwa dagaa mmoja. Nikanunua kopo zima.

Kuanzia siku ile nilinuka dagaa. Nilijishonea mfuko wa ndani wa suruali kwa kitambaa cha koti la mvua ili harufu isipite, na harufu ikapita. Paka wa mtaa wakawa wananisindikiza. Kanisani benchi langu likawa na nafasi nzuri pande zote mbili.

Kazi yenyewe ilikuwa jani. Sale si jani la kutafunwa na mbwa, linaweza kumchafua tumbo, kwa hiyo nilishona ala ya kitambaa kigumu cha suruali ya kazi, nikaivika kwenye shina la jani, meno yakamate kitambaa tu. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kushona, na mvaaji hakulalamika kwamba inabana. Dagaa mmoja kwa kuigusa. Mmoja kwa kuishika. Wawili kwa kuishika akitembea hatua moja. Alitema, alikanyaga, alililalia. Kuna siku alilipeleka kwa mteja aliyekuja kupima sketi, na yule dada akadhani ni risiti.

Mama wa dagaa alikuwa akitutazama kutoka kwenye meza yake.

"Mangi, nikuulize. Nani anamfundisha nani hapo?"

"Mimi namfundisha yeye."

"Mimi naona akitikisa mkia tu wewe mkono unaingia mfukoni. Umefundishika vizuri sana."

Mkono ulikuwa mfukoni.

Mwezi wa pili wa mafunzo alikuwa anabeba jani kutoka kwenye cherehani mpaka langoni, na nikiinua kiganja anakaa papo hapo na jani mdomoni. Nikasema sasa tumpeleke kwenye moto. Jioni nikamtuma apite mbele ya jiko la yule kijana wa mbuzi. Alifika katikati, akaliweka jani chini kwa heshima zote, akaingia chini ya jiko, akatoka na mfupa na masharubu yameungua.

"Fundi," kijana akasema, "huyu si mwanafunzi. Huyu ni mteja, tena hajalipa."

Tukaanza upya, mbali, upande wa pili wa barabara, dagaa watatu kwa kila hatua. Kila siku hatua moja karibu zaidi. Sikuwahi kufanya kazi ya shule kwa bidii kama ile. Ningefanya hivyo darasani leo ningekuwa bungeni nashona miswada ya sheria. Ikafika jioni moja akapita pembeni ya jiko, moshi unampiga usoni, mafuta yanalia juu ya makaa, akafika kwangu na jani kavu kabisa. Nilipiga kelele mpaka mama wa dagaa akatoka na mwiko akidhani ni mwizi.

Ikabaki safari. Kwenye ile ya Krismasi mbwa alikuwa ametapika mara mbili kabla hatujaiacha lami, na mtu aliyetapika hana hamu ya kubeba jani. Nikaongea na dereva wa bajaji wa kijiweni kwetu. Siku ya kwanza tukapanda, mimi na mbwa na dagaa.

"Tunaenda wapi, fundi?"

"Hatuendi. Washa injini tu."

"Nikishawasha?"

"Zima."

Alinitazama sana kupitia kile kioo chake. Tulikaa pale, injini inaunguruma, mimi natoa dagaa, watu wanapita wanatusalimia. Nakiri kwamba ndiyo safari niliyoifurahia kuliko zote maishani. Siku ya pili tukasogea mpaka kona. Baada ya hapo mpaka barabara kubwa. Halafu ikatokea nina sare za kwaya za kupeleka Bomang'ombe, nikasema twende, na mimi sikuwa nimefika Bomang'ombe tangu nilipofuata kitambulisho. Mbwa alikaa siti ya nyuma kichwa nje kama mheshimiwa diwani. Aliyepata kichefuchefu nilikuwa mimi. Nikala dagaa mmoja, nikaona wanasaidia kweli.

Sokoni Bomang'ombe tulipita mbele ya mabucha manne. Mbele ya kila bucha alikaa, akaniangalia, akapewa chake, tukaendelea. Mchinjaji mmoja akasema hajawahi kuona mbwa anayemwangalia binadamu wakati kuna paja limening'inia. Nilitembea soko lile zima nikiwa nimerefuka.

Siku ya kipaimara tukaondoka mapema na bajaji ile ile. Hadi mwisho wa lami hakuna neno. Tulipoanza kupanda, bajaji ikaanza kulalamika, ikafika mahali ikakataa kabisa. "Fundi, mlima huu si wa saizi ya bajaji," dereva akasema, na sisi tukashuka kumalizia kwa miguu.

Hapo ndipo nilipoharibu tena. Njia ilikuwa na mbuzi, kuku, watoto waliovaa nguo nyeupe za kipaimara, pikipiki zenye maputo. Mbwa akawa na wasiwasi, na mimi kila kona nikamtuliza kwa dagaa, na kila alipotulia yeye nikajituliza na mimi kwa dagaa. Tulipofika kwenye mfereji wa kwa mama niliingiza mkono nikakuta vichwa viwili na unga. Nikampa vichwa. Unga nikapangusia suruali. Yaani nimefundisha miezi yote ile, na siku ya mtihani mwalimu hana chaki.

Nyumbani turubai zimeshafungwa, muziki unalia, mbege imeiva. Mama alituona akasema tu, "Amekuja?" nikasema, "Amekuja," akaenda mpakani kuchuma jani. Alilifunga fundo mwenyewe. Nikalivika ala yake.

Gari la mahindi lilikuwa limeegeshwa pembeni ya banda, na juu ya bodi kamba mpya, bado ina lebo.

Mbuzi alipoiva, nyama zikatolewa. Baba mkubwa akaketi kwenye kiti kile kile, suti ya bluu, wazee pande zote. Kidari kikawekwa mbele yake juu ya meza fupi ya chai, usawa wa pua ya mbwa kamili. Nadhani alifanya makusudi. Mimi nilisimama mwisho wa uwanja, karibu na meza ya wapishi, pembeni ya sinia la maini, nikapiga goti, nikampa mbwa jani.

"Peleka."

Akaanza kwenda. Uwanja mzima ukafunguka kama mlango. Watu wakaacha kuongea, mpiga muziki akazima. Alipita kwa shangazi mwenye sahani ya mbavu. Alipita kwa watoto wanaotafuna. Zimebaki kama hatua mbili, kidari kiko mbele ya pua yake, ndipo mwinjilisti, ambaye alikuwa amefumba macho tayari na hakuwa anajua chochote kuhusu mbwa, akasimama akasema, "Tuombe."

Watu wote wakainama. Baba mkubwa akainama. Nikainua kiganja. Mbwa akageuza shingo, akakiona, akakaa.

Sasa, mwinjilisti wetu haombei chakula peke yake. Alianza na binti wa kipaimara, akaenda kwa wazazi, kwa wasimamizi, kwa waliosafiri na wanaosafiri, kwa mvua, kwa kahawa na bei yake, kwa wagonjwa mmoja mmoja kwa ugonjwa wake. Mafuta ya kidari yanadondoka kwenye jani la mgomba, tone, tone. Mate ya mbwa yanadondoka kwenye kitambaa changu, tone, tone. Sikio lililolala likasimama. Mfukoni mwangu hakuna kitu na yeye anajua, pua yake ndiyo iliyouona mfuko ukiisha. Mkono mmoja nimeuinua juu mpaka unaniwasha, na tumbo langu, ambalo lilikuwa limebeba dagaa tu tangu asubuhi, linaunguruma kwa sauti. Nilimwomba Mungu amwongezee mwinjilisti ufupi. Akafika kwa wapishi. Akafika kwa mifugo.

"Amina."

Nikashusha kiganja. Mbwa akanyanyuka, akakipita kidari, bega lake likagusa kona ya meza, akaliweka jani juu ya kiatu cha baba mkubwa. Kisha akakaa, akatoa mkono.

Baba mkubwa alilitazama lile jani. Lilikuwa limelowa, limepinda, fundo limeshikilia. Wazee wakanyoosha shingo. Mmoja akakohoa, akamwita taratibu kwa jina letu la heshima kwa wazee, "Meku. Sale hiyo."

"Naiona."

"Haikataliwi."

"Najua kwamba haikataliwi! Mimi ndiye niliyewafundisha ninyi."

Akainama, akaliokota kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Akalifungua fundo. "Nimepokea," akasema. "Abaki mjini. Hiyo kamba mfungeni nayo ndama." Halafu akachukua kisu, akakata ncha ya kidari, ile yenye mafuta zaidi, akaishika mbele ya mbwa mbele ya watu wote. Mbwa akaniangalia mimi kwanza. Nikaitikia kwa kichwa. Akaipokea kwa midomo, meno hayakuonekana.

Vigelegele vikapanda mpaka ndege wakatoka kwenye migomba. Mama alikuwa anacheka na kujipangusa macho kwa khanga. Mpiga muziki akarudisha muziki juu. Mimi nikatembea uwanja ule kama bwana harusi, napewa mikono, napigwa mgongo, naulizwa siri ni nini, nasema ni nidhamu tu ndugu zangu, nidhamu na uvumilivu. Nikazunguka meza kwa meza mpaka nikafika kwa yule bibi wa ng'ambo ya mfereji, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda karibu na meza ya wapishi na sahani yake magotini.

"Shikamoo, bibi. Umemwona mbwa wangu?"

"Marahaba. Mbwa nimemwona, amengoja mpaka amina. Na wewe nimekuona: sala ilikuwa bado iko kwa wagonjwa, ulishameza ini la pili."